Kichwa Kizito au Maneno Marefu?

Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, saba, nane, tisa. Zihesabu silabi zake polepole, utaona kwamba kila tarakimu ya Kiswahili kuanzia moja hadi tisa ina silabi mbili kamili, hata ile nne ambayo n yake ya mwanzo husimama yenyewe. Hakuna baraza lililokaa kupanga hivyo. Sasa vuka mto Songwe pale Kasumulu, uingie Malawi, umwombe mtu akutajie sita kwa Kichewa, lugha ya taifa ya huko. Atakwambia zisanu ndi chimodzi, yaani tano na moja, silabi saba. Kama ungeweza kuruka kutoka mpakani hapo hadi Hong Kong, ungeambiwa luk, silabi moja tu, iliyofungwa ghafla kwa k ambayo karibu haisikiki. Kiasi ni kilekile, lakini mdomo umekitolea jasho tofauti kila mahali. Je, jasho hilo la mdomoni linafika kichwani? Linafika, tena kwa kiwango kinachoweza kupimwa. Kwa wilaya kama Kyela, upande wa Tanzania wa mto Songwe, ambako mtoto huamkia Kinyakyusa, akasomea Kiswahili, kisha akafanyia mitihani ya sekondari kwa Kiingereza, jambo hilo linatosha kutufanya tusite kabla ya kusema kwamba mtoto fulani ana kichwa kizito.

Wanasaikolojia wana kipimo kimoja cha zamani na chepesi. Mtu husomewa tarakimu zisizo na mpangilio, moja kila sekunde, kisha huzirudia kwa mfuatano uleule. Akifaulu, huongezewa moja, hadi aanguke. Idadi ya mwisho aliyoimudu ndiyo upana wa kumbukumbu yake ya muda mfupi. Mwaka 1956 Mmarekani George Miller aliandika makala iliyosomwa kote duniani akisema upana huo huzunguka saba, ukizidi au kupungua kwa mbili, na watu wengi wakaichukua saba kama kimo cha binadamu. Lakini mwaka 1975 Alan Baddeley na wenzake wawili, Neil Thomson na Mary Buchanan, walionyesha kwamba kinachobana si idadi ya vitu bali muda wa kuvitamka. Watu walikumbuka maneno mafupi mengi kuliko marefu, na kwa jumla walimudu kiasi wanachoweza kukisema kwa takriban sekunde mbili. Kumbukumbu hiyo hufanya kazi kama utepe mfupi wa sauti unaojizungusha. Mtu hujirudia kimoyomoyo yale aliyosikia, na ambalo halijafikiwa kabla ya sekunde hizo mbili kwisha huanza kufifia.

Ikiwa ndivyo, lugha yenye tarakimu zinazochukua muda mrefu kutamkwa inapaswa kumpunguzia msemaji wake upana, na hilo lilithibitika mapema. Mwaka 1980 Nick Ellis na R. A. Hennelly waliwapima watu wa Wales wanaozungumza Kiwelshi na Kiingereza. Tarakimu za Kiwelshi si nyingi kwa silabi, ila irabu zake huvutwa, kwa hiyo watu walewale walikumbuka tarakimu chache kwa Kiwelshi kuliko kwa Kiingereza. Watafiti hao walieleza kwa njia hiyo kwa nini watoto wa Wales walionekana kuwa nyuma katika kipengele hicho cha vipimo vya akili: walikuwa wakishindanishwa na saa ya lugha nyingine. Mwaka 1986 Moshe Naveh-Benjamin na Thomas Ayres walilinganisha lugha nne. Waliopimwa kwa Kiingereza walifika zaidi kidogo ya saba, wa Kihispania na Kiebrania wakawa karibu sita na nusu, na wa Kiarabu hawakufika sita. Mpangilio ulifuata urefu wa matamshi, lugha fupi juu na ndefu chini.

Wachina ndio waliotoa mfano mkali kuliko wote. Huko Hong Kong, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, Rumjahn Hoosain aliwapima wasemaji wa Kikantoni na kukuta upana unaokaribia kumi, kimo ambacho Ulaya na Marekani kingeonekana cha mtu wa pekee. Ukizisikiliza tarakimu zenyewe, mshangao unapungua. Kimandarini, lugha ya taifa ya China, kina silabi moja kwa kila tarakimu: yi, er, san, si, wu, liu, qi, ba, jiu. Kikantoni nacho kina silabi moja moja, lakini nne kati yake, yaani moja, sita, saba na nane, hufungwa na konsonanti inayokata sauti kama mlango uliobamizwa: jat, luk, cat, baat. Kwa hiyo hata ndani ya kile ambacho mgeni hukiita Kichina, mikoa miwili inayosoma maandishi yaleyale hubeba mizigo isiyolingana ikianza kutaja namba.

Hapo ndipo mtu wa haraka anaposema, basi Wachina wana vichwa vikubwa. Mwaka 1997 Dino Chincotta na Geoffrey Underwood waliziba njia hiyo. Walichukua wasemaji wa lugha sita, Kichina kikiwamo pamoja na Kiingereza, Kifini, Kigiriki, Kihispania na Kiswidi, wakawaonyesha tarakimu huku wakiwataka warudierudie mdomoni sauti isiyo na maana. Mdomo uliposhughulishwa hivyo, utepe wa kimoyomoyo ulikosa nafasi ya kuzunguka, na ubora wa Wachina ukatoweka. Kama hifadhi yao ingekuwa pana kwa maumbile, ingebaki pana hata mdomo ukiwa na kazi nyingine. Zhang Guojun na Herbert Simon, yule mshindi wa Tuzo ya Nobel ya uchumi ya mwaka 1978, walikuwa wamelikaribia jambo hilo kwa mlango mwingine mwaka 1985. Waliwapa Wachina alama za maandishi zenye matamshi, wakakumbuka karibu sita au saba. Walipowapa vipande vya alama ambavyo havina jina la kutamkika, waliambulia viwili au vitatu. Macho yaliviona vyema, ila kisichotamkika hakikuwa na pa kushikwa.

Kuna ushahidi wa pili, wa kiimbo. Kimandarini hutofautisha maneno kwa toni nne, Kikantoni kwa sita. Silabi ileile ikipanda, ikishuka au ikilazwa, inakuwa neno jingine. Diana Deutsch wa California alijiuliza kama mtoto anayelelewa hivyo hubaki na kumbukumbu kali zaidi ya sauti. Mwaka 2006, yeye na wenzake waliwapima wanafunzi wa chuo cha muziki cha Beijing na wa chuo kimoja cha Marekani kwa uwezo adimu wa kutaja noti bila kupewa noti ya kulinganishia. Kati ya walioanza muziki wakiwa na umri wa miaka minne au mitano, karibu asilimia 60 ya wale wa Beijing waliuweza, wakati Wamarekani wasiosema lugha ya toni walikuwa asilimia 14 hivi. Wengi walidai ni damu. Mwaka 2009 kikundi chake kikajibu kwa kuwapima wanafunzi wenye asili ya Asia Mashariki wanaosoma Marekani. Waliokuwa fasaha katika lugha ya toni walifanya vizuri sana, na wale wa nasaba hiyohiyo waliokulia Kiingereza walifanana na wenzao Wazungu. Nasaba moja, matokeo mawili, na kilichowatenganisha ni lugha iliyosikika nyumbani.

Msomaji wa Kyela ana sababu yake ya kutabasamu hapa. Lugha nyingi za Kibantu zina toni, ila Kinyakyusa kimeipoteza, kama Kiswahili kilivyoipoteza. Mkazo wake hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na kupanda na kushuka kwa sauti hakubadili maana ya neno. Badala yake kimehifadhi utajiri wa aina nyingine: irabu saba, si tano, na tofauti kati ya irabu fupi na ndefu ambayo sikio la mwenyeji halikosei. Kwa hiyo hakuna haja ya kulazimisha habari za Beijing zifanane na za Ipinda au Matema. Ninachokitoa katika utafiti wa toni ni kidogo zaidi ya hapo, nacho kinatosha: sikio la mtoto huchongwa na tofauti zenye maana katika lugha inayomzunguka, na kumbukumbu hushika vizuri kile ambacho sikio limefundishwa kukihesabu kuwa tofauti.

Shule pia huchonga. Mwaka 1986 Charles Read na wenzake walichapisha utafiti uliofanyika Beijing juu ya watu wazima wa aina mbili. Kundi la kwanza lilijua alama za Kichina peke yake. La pili, lenye umri mdogo kwa jumla, lilikuwa limejifunza pia pinyin, maandishi ya herufi za Kirumi yaliyoidhinishwa na serikali ya China mwaka 1958. Walipoambiwa waongeze au waondoe konsonanti moja kwenye silabi wanayoisikia, wa pinyin walifanya bila shida, na wa alama peke yake wakashindwa. Hawa wote ni watu wa mji mmoja na lugha moja, isipokuwa chombo walichopewa utotoni kiliwafundisha kuikata sauti mahali tofauti. Mtoto wa Kyela hujifunza kukata sauti kwa ba, be, bi, bo, bu za Kiswahili, zenye irabu tano, halafu hutarajiwa masikio yake ya irabu saba yajipange humo. Wengi hujipanga. Ila kazi hiyo ina gharama, na gharama hiyo haiandikwi popote kwenye daftari la mahudhurio.

Kona hii ya kaskazini mwa Ziwa Nyasa ni maabara ambayo hakuna mtafiti angeweza kuijenga. Mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa Julai 1890 uliufanya mto Songwe kuwa mpaka, na watu wa lugha moja wakajikuta katika himaya mbili. Wanyakyusa wa upande wa Kyela na Wangonde wa upande wa Karonga wanaelewana, kwa kuwa wataalamu huziweka lahaja zao katika lugha moja. Kilichofuata juu ya lugha hiyo ndicho tofauti. Huku kilipandwa Kiswahili, kikawa lugha ya shule ya msingi, ya mahakama na ya soko. Kule, mwaka 1968, serikali ya Rais Kamuzu Banda ilikipa Kichewa hadhi ya taifa, na Kiingereza kikashika ofisi. Mtu wa Ngonde akiingia dukani kununua, mara nyingi hutaja bei kwa tarakimu za Kiingereza, kama Wamalawi wengi wafanyavyo, kwa sababu zisanu ndi zitatu ni safari ndefu kwa kitu kinachoitwa nane. Wabadilisha fedha wa Kasumulu, wanaoshika viwango vya kwacha na shilingi vinavyobadilika kila asubuhi, wanaishi katikati ya saa hizi mbili.

Hata Kiswahili kimewahi kukata njia kwa namna hiyo. Sita, saba na tisa ni za Kiarabu. Kabla yake wahenga walikuwa na tandatu, fungate na kenda, na fungate imebaki mpaka leo ikimaanisha zile siku saba za maharusi. Tandatu na fungate zina silabi tatu tatu, zilizozirithi zina mbili. Sitasema biashara ya pwani iliyaua maneno hayo kwa ajili ya silabi moja, maana historia ya maneno haiendi kwa saa ya mkononi. Lakini kama mtu angetaka kuzipanga tarakimu za Kiswahili zilingane na zikae vizuri ulimini, asingepata matokeo bora kuliko haya. Katika kumi na moja hadi kumi na tisa tuna bahati nyingine tunayoshirikiana na Wachina, ambao husema kumi-moja, kumi-mbili, wakati Mwingereza ana eleven na twelve ambazo mtoto lazima azimeze nzimanzima. Bahati hiyo inaishia kwenye ishirini. Mchina anaendelea na mbili-kumi, sisi tunabadili gari na kupanda thelathini, arobaini na hamsini za Kiarabu.

Mtu anayetaka kuona sekunde mbili zikifanya kazi hana haja ya maabara. Namba ya LUKU, ile ya umeme wa kulipia kabla, ina tarakimu 20. Kwa Kiswahili hizo ni silabi 40 kwa uchache, maana kila sifuri huongeza ya tatu, na hakuna kichwa kitakachozibeba kwa mara moja kutoka kwenye simu hadi kwenye mita. Ndiyo maana hutolewa kwa mafungu ya tarakimu nne nne: silabi nane, kiasi kinachotamkika ndani ya sekunde mbili, kisha vidole vinabonyeza kabla utepe haujafutika. Namba za simu zina hila nyingine. Watu wengi huanza na ziro badala ya sifuri, wakaokoa silabi moja, kisha huziunganisha tarakimu mbili mbili, wakasema sabini na tano badala ya saba, tano.

Hapo ndipo pingamizi la kwanza la maana linapozaliwa. Sabini na tano ina silabi sita, saba tano ina nne. Kama urefu wa matamshi ndio kila kitu, mbona watu wanajiongezea mzigo? Zaidi ya hapo, kama ufupi ni fadhila, Kiingereza chenye tarakimu za silabi moja moja, ukiacha seven na zero, kingepaswa kumsaidia mwanafunzi wa Kyela kuliko Kiswahili, na hoja yangu yote ikageuka dhidi yangu. Pingamizi hili ni la haki, na watafiti wenyewe wamelipigania. Tangu miaka ya 1990 wapo waliodai kwamba athari ya urefu wa maneno hutegemea maneno gani yamechaguliwa, na kwamba muda peke yake hauelezi yote. Nakubali. Utepe wa sekunde mbili ni sehemu ya maelezo. Sehemu ya pili ni kile ambacho hifadhi ya muda mrefu hukijua tayari. Sabini na tano ni kitu kimoja kwa anayekijua, kama noti moja ya elfu kumi inavyokaa mfukoni kwa wepesi kuliko sarafu za thamani hiyohiyo.

Annabel Thorn na Susan Gathercole, wakiwapima watoto wa lugha mbili mwishoni mwa miaka ya 1990, walionyesha jambo linaloniondolea wasiwasi. Watoto walikumbuka vizuri zaidi katika lugha waliyoijua zaidi, na hata maneno ya kubuni, yasiyo na maana yoyote, waliyarudia kwa usahihi zaidi yalipofuata mapigo ya lugha hiyo. Neno linapoanza kufifia kwenye utepe, akili hulikarabati kwa kutumia inachojua: silabi zipi hufuatana, mwisho wa neno hufananaje. Mtoto asiye na vipuri hivyo hana cha kukarabatia. Six ni fupi kwa Mwingereza aliyeisema mara elfu kumi kabla ya kuanza shule. Kwa mtoto anayeikata kwa shida kati ya konsonanti ambazo lugha zake mbili za mwanzo hazizirundiki hivyo, ufupi huo uko kwenye karatasi tu.

Neno linalotumika shuleni kwa hali hii ni kukariri, na hutamkwa kama lawama. Mwanafunzi wa sekondari anakariri, haelewi. Tunasema hivyo kana kwamba amechagua. Mtazame kwa jicho la ushahidi huu. Baddeley na wenzake, katika kazi ya mwaka 1987, walionyesha kwamba mtu mzima anayekumbuka maneno matano au sita yasiyohusiana huweza kurudisha sentensi yenye maneno yapatayo 16, kwa sababu maana huyafunga maneno kama kamba inavyofunga mzigo wa kuni. Ikate kamba hiyo, yaani mpe sentensi asiyoielewa, naye anarudi kwenye matano. Mwanafunzi anayepokea aya nzima ya biolojia kwa Kiingereza ambacho hakijamkaa analazimika kuibeba kama sauti tupu, neno baada ya neno. Akiweza kuirudisha ilivyo kwenye mtihani, amefanya kazi kubwa kuliko yule aliyeielewa. Akishindwa, anaandikwa kuwa na kumbukumbu mbovu, wakati alibebeshwa kuni bila kamba.

Hili halikuanza kuonekana leo. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta, mtu wa Nyanda za Juu Kusini, ilipendekeza katika ripoti yake ya mwaka 1982 kwamba sekondari zianze kufundisha kwa Kiswahili kuanzia mwaka 1985. Serikali haikulitekeleza. Mwaka 1984 Waingereza wawili, Clive Criper na William Dodd, walipima Kiingereza katika shule za Tanzania na kukuta kiwango cha wanafunzi wengi hakitoshi kusomea masomo mengine, halafu wakashauri Kiingereza kiendelee, mantiki ambayo mpaka leo mtu huisoma mara mbili kuhakikisha hakukosea. Baadaye, katika mradi wa LOITASA ulioanza mwaka 2002 kwa ushirikiano wa wasomi wa Tanzania, Afrika Kusini na Norwei, mada zilezile zilifundishwa kwa lugha mbili. Kazi za Mwajuma Vuzo katika jiografia na Halima Mwinsheikhe katika biolojia zilionyesha wanafunzi waliofundishwa kwa Kiswahili wakishiriki na kufaulu zaidi. Mjadala uliofuata ulihusu zaidi sera, utaifa na ajira. Ninachoongeza ni kwamba upo pia upande wa kumbukumbu, na kwamba jambo hilo lingebaki vilevile hata kama utaifa usingetajwa kabisa.

Pingamizi la pili hutoka kwa wazee, nalo lina uzito wake. Mbona wahenga wa Kinyakyusa, bila daftari wala pinyin, walikuwa na kumbukumbu za kutisha? Monica Wilson, aliyefanya utafiti kwa Wanyakyusa pamoja na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930, aliandika juu ya ibada ambamo mababu wa kila malafyale, yaani chifu, waliitwa kwa majina, na juu ya mahali patakatifu pa Kyala, Mungu wa Wanyakyusa, kando ya ziwa, katika nchi ya Wakisi, karibu na Matema. Majina na nasaba hizo zilishikwa kwa vizazi. Ni kweli, ila hiyo ni kumbukumbu ya aina nyingine. Frederic Bartlett, katika kitabu chake cha mwaka 1932, alieleza habari za mchunga ng'ombe wa Uswazi (leo Eswatini) aliyetaja karibu bila kosa ng'ombe walionunuliwa mwaka mmoja nyuma, rangi zao, wauzaji na bei. Kijana wa huko alipopewa ujumbe wa kawaida aupeleke, hakuwa bora kuliko mtu mwingine yeyote. Ng'ombe walikuwa na maana katika maisha ya mchungaji yule, na nasaba ya malafyale ilikuwa na maana katika ardhi na madaraka. Mfano wa wazee haunipingi, unanipa mkono: walikumbuka mengi kwa sababu waliyakumbuka ndani ya lugha yenye mizizi.

La tatu nalipita haraka. Mtu atasema upana wa tarakimu si akili, na kwamba Wakantoni hawajawa wanafalsafa zaidi kwa kukumbuka kumi. Sahihi kabisa. Lakini kipimo hicho kimo ndani ya vipimo vingi vya akili vinavyotumika duniani, pamoja na vile vinavyoamua mtoto apelekwe darasa la mahitaji maalumu, na viwango vya vingi kati ya vipimo hivyo viliwekwa kwanza kwa watoto wanaosema Kiingereza nyumbani. Mtoto akitajiwa tarakimu kwa lugha moja na matokeo yake kusomwa kwenye jedwali la lugha nyingine, atakuwa kama mchele wa Kyela uliopimwa kwa debe la soko jingine.

Nina tahadhari pia kwa wale wanaotaka kuupindua ushahidi huu ili kuwafariji wazazi. Imesemwa mara nyingi, hasa kufuatia kazi za Ellen Bialystok wa Kanada, kwamba kujua lugha mbili au tatu huupa ubongo nguvu za ziada za kudhibiti na kupanga mambo. Ingekuwa vizuri kuwaambia watu wa Kyela kwamba lugha zao tatu ni mazoezi ya bure ya ubongo. Watafiti wengine, Kenneth Paap akiwa mmoja wa wakali wao, wamerudia vipimo hivyo na mara nyingi hawakuona tofauti yoyote. Sioni sababu ya kujenga hoja ya shule juu ya jambo linalogombaniwa kiasi hicho, wakati jambo lisilogombaniwa lipo mezani: mtu hukumbuka zaidi katika lugha aliyoizoea. Wala wazazi wanaolipa ada za shule za Kiingereza si wajinga. Wanaona ajira ziko wapi. Ila kujifunza Kiingereza na kujifunzia kwa Kiingereza ni mambo mawili, na ushahidi wa Hong Kong, Wales na Beijing unahusu hilo la pili.

Wakati mijadala hii ikiendelea, darasani lipo jambo linalofanyika bila kuidhinishwa na mtu. Mwalimu wa Kidato cha Kwanza husoma aya ya Kiingereza hadi mwisho, huona macho yaliyotulia mno, kisha huegemea meza na kuirudia kwa Kiswahili. Pale ambapo Kiswahili chenyewe hakijafika, katika jina la mmea wa pale ziwani au la udongo wa bondeni, huchomeka neno la Kinyakyusa. Mkaguzi akiingia, anarudi kwenye Kiingereza. Akishatoka, mwalimu huendelea pale alipoachia, na kwa dakika hizo chache wanafunzi huandika bila kutazama ubao.